Maji Yaliyopotea Njia ya Sekenke

Anayeingia Singida kwa mara ya kwanza, akitokea Dodoma au akitokea Nzega, hupokewa na mambo mawili: mawe na upepo. Mawe yamepandana juu ya vilima kana kwamba kuna aliyeyapanga kwa mkono, na upepo huvuma karibu mwaka mzima juu ya uwanda huu ulio kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kati ya mawe hayo yametandaa maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kwa mbali humvutia mwenye kiu, lakini akiyakaribia hukuta maji yake ni ya chumvi.

Nimeanza na maziwa haya kwa makusudi, kwa kuwa kisa ninachotaka kuwasimulia ndugu wasomaji ni kisa cha maji. Ni maji yaliyokuwa yakitoweka ndani ya gari la msikiti wetu bila ya kuacha alama, na dhulma ambayo nusura tumfanyie mtu kwa sababu yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja mjini hapa. Kwa michango ya waumini, iliyokusanywa kwa muda mrefu na kwa tabu, kamati ilinunua Toyota Hiace iliyokwishatumika Japani. Gari hilo hubeba jeneza kukiwa na msiba, hubeba wagonjwa usiku, na hubeba watoto wa madrasa wanapoalikwa wilayani. Dereva wake ni mzee wa miaka sitini na ushei, aliyewahi kuendesha malori ya mizigo kabla ya barabara zetu kupata lami. Watoto humwita Babu. Sisi wa kamati humwita Mzee.

Tatizo lilianza taratibu. Mzee alikuja ofisini akaomba fedha za kununua kulanti, yale maji yenye dawa yanayozunguka ndani ya injini na rejeta. Wiki mbili baadaye akaomba tena, kisha tena. Daftari la matumizi lipo mikononi mwangu, na ukurasa baada ya ukurasa neno hilo moja lilijirudia: kulanti, kulanti, kulanti. Tukampeleka gari fundi wa kwanza, akabadilisha mipira ya rejeta. Maji yakaendelea kupungua. Fundi wa pili akabadilisha wota pampu. Maji yakaendelea kupungua. Wa tatu akatikisa kichwa, akasema ni gasketi ya silinda hedi, akataja kiasi cha fedha ambacho kingefunga madrasa kwa miezi kadhaa.

Jambo lililotushangaza ni kwamba hapakuwa na tone lolote chini. Mzee alitandika boksi la karatasi ngumu chini ya injini kila usiku, na kila asubuhi boksi lilikuwa kavu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjumbe mmoja aliuliza, kama hayamwagiki, yanakwenda wapi? Mwingine akajibu kwamba kulanti ni bidhaa, na bidhaa huuzika. Hakuna aliyemtaja mtu kwa jina, na hakuna aliyekuwa na haja ya kufanya hivyo.

Nakiri mbele yenu kwamba mimi ndiye niliyeandika rasimu ya barua ya kumwachisha kazi. Niliiandika kwa lugha ya adabu, nikaiweka kwenye jalada nikisubiri kikao. Na wiki hiyo hiyo, baada ya swala ya Magharibi, nilikuwa nikitoa darasa juu ya Suratul Hujurat, sura inayotuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, tujiepushe na dhana nyingi na tusipelelezane. Nilisoma tafsiri ya sura hiyo chuoni kwa miaka. Nilikuwa naweza kueleza maneno yake moja moja, na bado barua ilikuwa kwenye jalada.

Basi ikatokea safari. Watoto kumi na wanne wa madrasa yetu walialikwa Shelui kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani baina ya madrasa za jirani. Nikaamua kufuatana nao. Wazazi niliwaambia nakwenda kusaidia kuwaangalia watoto. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumpeleleza dereva. Nilijaza mwenyewe rejeta hadi mdomoni, nikajaza na tangi la akiba hadi kwenye mstari wa juu, nikaandika kwenye daftari, na nikaazimia kwamba macho yangu hayatatoka kwenye gari lile mpaka jioni.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati ambapo baridi ya Singida humfanya mtu atafute koti. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamekauka, vichwa vyake vyeusi vimeinama kungojea kuvunwa, na wanawake walikuwa njiani na magunia kuelekea kwenye mashine za kukamua mafuta. Tukapita Iguguno, penye njia ya kwenda Nduguti, tukapita Tumuli, tukafika Misigiri, njia panda ya Kiomboi. Kando ya barabara kulikuwa na vitunguu vilivyopangwa kwenye ndoo na kuku wa kienyeji ndani ya matenga.

Watoto waliokaa kiti cha nyuma walikuwa wakicheka. Nilipogeuka nikaona vioo vya nyuma vimefunikwa na ukungu, nao wanaandika juu yake kwa vidole: alifu, be, te. Nikawakemea waache kuchafua vioo. Binti mmoja wa miaka tisa akanionyesha kidole chake, akasema, "Ustadhi, kioo hiki kina mafuta." Nikamwambia akae vizuri. Sikutazama kidole chake. Ishara ya kwanza ilinipita hivyo.

Baada ya Misigiri uwanda huisha ghafla na barabara huanza kuteremka Sekenke. Ndugu msomaji ambaye hajapita hapo na afahamu kwamba huu si mteremko wa kuchezea. Upande mmoja ni ukuta wa mawe na miti ya miiba, upande wa pili ni bonde, na mbele yako, chini kabisa, nchi tambarare ya Wembere imelala kama jamvi hadi macho yanapochoka. Malori yenye shehena hushuka kwa gia nzito, na harufu ya breki hukufikia kabla ya lori lenyewe. Mzee alishuka kwa gia ya pili, mkono mmoja kwenye usukani, bila ya kusema neno.

Mashindano yalikwenda vyema. Watoto wetu walipata nafasi ya tatu, nao walifurahi kuliko waliopata ya kwanza, kwa kuwa zawadi ilikuwa na biskuti. Wakati wao wanakula, mimi nilikwenda kulizunguka gari. Chini ni pakavu. Nikafungua tangi la akiba: maji yameshuka vidole viwili. Dereva hakuwa amelisogelea gari tangu tulipofika. Alikuwa amekaa nasi msikitini muda wote. Nikaandika kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza mkono wangu ulisita.

Mzee akaniona. Akatoa mfukoni kijidaftari kilichokunjika pembe, akanipa. "Katibu, na wewe unaandika? Mimi naandika tangu mwezi wa pili. Niliwahi kukuletea, ukaniambia niache mezani, nikakirudisha siku nyingine bado kikiwa pale pale." Nikafungua. Kila safari ilikuwa na tarehe, kilomita na kiasi cha maji yaliyoongezwa. Safari za mjini, kwenda hospitali na sokoni: karibu si kitu. Kwenda Manyoni na kurudi: nusu lita. Kwenda Kiomboi: zaidi ya nusu. Kupanda Sekenke na mzigo: lita nzima na zaidi.

Mwizi haibi kwa kufuata vilima. Hesabu ile ilitosha kumsafisha mtu, na ilikuwa imelala mezani kwangu.

Sasa yafaa nieleze kidogo jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa faida ya familia zenye magari. Injini inapochoma mafuta, takriban theluthi moja ya nguvu inayopatikana hugeuka joto ambalo sharti lichukuliwe na maji na kutupwa nje kupitia rejeta. Pampu huyasukuma maji, na thamostati huyazuia mpaka yapate joto kisha huyafungulia. Mfuniko wa rejeta nao si kifuniko cha kawaida kama cha birika. Mfuniko wetu umeandikwa 0.9. Maana yake ni kwamba huyabana maji kwa presha inayokaribia ile ya hewa ituzungukayo, juu ya hiyo iliyopo. Hapa Singida, kwa sababu ya mwinuko, maji ya sufuriani huchemka kwenye digrii 95 hivi. Yakibanwa na mfuniko mzima huweza kupita digrii 110 bila ya kuchemka. Kwa hiyo gari lililosimama limepoa halina presha, na tundu dogo haliwezi kutoa kitu. Gari hilo hilo likipanda mlima, presha hupanda nalo, na tundu lile lile hugeuka bomba. Ndiyo sababu boksi la Mzee lilikuwa kavu kila asubuhi.

Tulianza kurudi baada ya Adhuhuri, jua likiwa kali. Tulipofika katikati ya Sekenke, mshale wa joto ukaanza kupanda. Mzee akapunguza mwendo. Mshale ukazidi. Hapo akafanya jambo lililonishangaza: akawasha hita, ya mbele na ya nyuma, katika joto lile. "Hita ni rejeta ya pili," akasema. "Inaivuta joto la injini. Vumilieni kidogo mpaka tupate pa kusimama."

Haikupita dakika moja, sauti ya yule binti ikasikika kutoka nyuma. "Ustadhi, vioo vimetoka jasho tena! Na ile harufu ya pipi imerudi."

Nikageuka. Kioo kikubwa cha nyuma kilikuwa cheupe kwa ukungu. Asubuhi nilidhani ni baridi na pumzi za watoto. Lakini hii ilikuwa saa nane mchana, hewa kavu, madirisha ya mbele yamefunguliwa, na vioo vya mbele vilikuwa vikavu kabisa. Ukungu ulikuwa nyuma peke yake. Maji hayo yalitoka wapi?

Mzee alipata mahali papana, akasimama, akazima injini, watoto wakashuka upande wa mlima huku mimi nikiweka mawe nyuma ya magurudumu. Mwalimu wao, kijana mwenye haraka, alikimbilia mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi. Mzee akampigia kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake. Kisha akamweleza kwa upole: mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa moto, maji yaliyobanwa hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na amewaona watu waliobabuka uso na kifua. Wala injini ya moto haimwagiwi maji ya baridi, kwani chuma hupasuka. "Mlima haukimbii, Mwalimu. Tukae."

Tukakaa. Tulimaliza zaidi ya saa moja chini ya mti wa miiba, malori yakipanda kwa kunung'unika. Ili watoto wasichoke nikawasimulia habari za mlima wenyewe: kwamba Wajerumani walichimba dhahabu hapa Sekenke zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwamba mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, walitumia dhahabu ya hapa kufua sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, zikiwa na picha ya tembo. Mtoto mmoja akauliza kama dhahabu bado ipo. Nikamwambia wachimbaji wadogo bado wanaitafuta. Akaanza kugeuza mawe.

Mzee hakuwa anasikiliza. Alikuwa ndani ya gari, amepiga magoti nyuma ya kiti cha pili, akinusa kama anayetafuta panya. Kisha akaniita. Sakafu ya gari letu ilikuwa imefunikwa na zulia zito la plastiki. Zulia hilo ni sisi tuliolinunua, kwa uamuzi wa kikao, ili watoto wasichafue sakafu. Nalikumbuka vizuri kwa kuwa muhtasari niliuandika mimi. Mzee akalinyanyua pembeni. Chini yake, zulia la asili lililotoka Japani lilikuwa limelowa chepechepe, na pembeni ya tundu linalopitisha mabomba ya hita kwenda chini ya gari palikuwa na mchirizi wa kijani uliokauka.

Magari mengi ya namna hii yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi yana hita ya pili kwa abiria wa nyuma. Hapa kwetu hakuna anayeitumia, wengi hata hawajui kama ipo. Lakini maji ya injini hufika huko kwa mabomba marefu. Hita yetu ilikuwa imeoza kwenye kiungio kwa kutu. Gari likiwa njiani na presha imepanda, maji yalivuja: mengine yakadondoka kupitia lile tundu na kupotea barabarani, mengine yakanywewa na zulia na kugeuka mvuke uliotua kwenye vioo. Mafundi watatu waliinama mbele, injini ilipo. Kamati nzima ilimtazama dereva. Aliyekuwa amekaa juu ya jawabu ni mtoto wa miaka tisa, akiandika alifu kwa kidole.

Injini ilipopoa, Mzee alifungua mfuniko kwa kitambaa kizito, hatua kwa hatua, akaongeza maji kutoka kwenye dumu lake la lita ishirini. Dumu hilo tulikuwa tukimtania nalo. Nilimuuliza kwa nini habebi dumu dogo na kuchota visimani njiani. Akasema visima vingi vya huku vina maji magumu, yenye chumvi, na chumvi hujenga ukoko ndani ya rejeta na kuila taratibu. Yeye hukinga maji ya mvua. Tukarudi mwendo wa pole, tukisimama kukagua Misigiri na tena Iguguno, tukaingia mjini Isha imeshaadhiniwa, wazazi wakiwa wamejaa uani kwa wasiwasi.

Kesho yake tukampata fundi kijana mwenye pampu ndogo ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta. Akajaza presha hadi 0.9 injini ikiwa baridi, kisha akatuambia tutazame mshale. Ukashuka polepole. Akaenda nyuma, akanyanyua zulia, na sote tukaona matone yakijitokeza kwenye kiungio cha hita, moja baada ya jingine. Kabla ya hapo alikuwa amehakikisha gasketi haina kosa: oili haikuwa na rangi ya maziwa, moshi haukuwa mweupe, na rejeta haikutoa mapovu injini ilipowashwa. Akayakata mawasiliano ya hita ya nyuma, akaunganisha mabomba mawili kwa kipande cha mpira kilichopinda na vibano viwili. Gharama yake haikufika hata sehemu ndogo ya ile tuliyotajiwa kwa gasketi. Tangu siku hiyo tumepanda Sekenke mara nne, na tangi la akiba limebaki kwenye mstari wake.

Naomba familia zenye magari zichukue haya machache. Maji ya gari hayatoweki yenyewe. Yakipungua, tafuteni kwa utaratibu, kuanzia kilicho rahisi: mfuniko, mipira, viungio, pampu, kisha hita zote mbili, na gasketi iwe ya mwisho. Andikeni kilomita na kiasi kinachoongezwa. Takeni fundi apime presha kabla ya kubadilisha kitu. Ukungu wenye mafuta kwenye vioo, na harufu tamu ndani ya gari, ni dalili za hita inayovuja. Na utamu huo usiwadanganye: kulanti nyingi zina sumu inayoharibu figo. Isiwekwe kwenye chupa za maji ya kunywa wala pasipo na uangalizi mbele ya watoto, na isimwagwe uani ambako kuku na mbuzi hunywa. Zulia lile la gari tulilitupa, na watoto waliokalia kiti cha nyuma tuliwaosha mikono na nguo.

Kuhusu barua, kikao kilikaa Ijumaa iliyofuata. Niliomba kuzungumza kwanza. Nilisoma rasimu yangu kwa sauti mbele ya wajumbe na mbele ya Mzee mwenyewe, kisha nikasoma kijidaftari chake kutoka mwezi wa pili hadi mwezi wa sita, na nikamwomba radhi. Wale waliosema maneno nao wakaomba, mmoja baada ya mwingine. Nilitaraji atasema jambo kubwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesamehe. Lakini Katibu, andika pia kwamba vibano viwili vya mpira nilinunua kwa fedha yangu, na sijarudishiwa."

Niliandika. Amerudishiwa siku hiyo hiyo, na risiti imo kwenye jalada, mahali ilipokuwa barua.

Wabillahi tawfiq.